Usomaji wa Tatu

Mwalimu wa jiografia alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia namba iliyopikwa. Mengine yote aliyameza. Mwanafunzi achelewe, asahau kitabu, asinzie kipindi cha mchana mpaka mate yamtoke, atamnunia kidogo na yataisha. Lakini umletee namba uliyoibuni ukiwa umekaa kivulini, kisha umtazame usoni umwambie umeipima, hapo ndipo utamjua. Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Wastani, kwa sababu kwake kila kitu kilipimwa mara tatu kikatafutiwa wastani. Jina hilo alilijua, na kusema kweli lilimpendeza.

Siku moja kabla ya safari ya mtoni alilisimamisha kundi zima mbele ya darasa. Alikuwa amewatuma kwenye mfereji wa nyuma ya maabara wajizoeze kupima kina cha maji kwa rula ndefu, mara tatu kila mahali. Wakamletea namba nzuri ajabu, zimenyooka utadhani zimepigwa pasi. Ya kwanza na ya pili walizipima kweli. Ya tatu, jua lilipowachoma, wakaitunga.

"Nani kaipika hii?" akauliza.

Wenzake wakainamia madaftari. Mwishowe msichana mmoja akanyoosha mkono nusu nusu. Alikuwa mtoto wa kaka yake mwalimu, anayelelewa kwake tangu darasa la kwanza. Nyumbani kila mtu alimwita Bibi, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake.

"Ni mimi, mwalimu."

Mtu mwingine angepunguza makali kwa kuwa yule ni damu yake. Yeye aliyaongeza, kwa sababu hiyo hiyo. Watu wasije wakasema anampendelea mtoto wa nyumbani! Akaichana ile karatasi vipande vipande mbele ya wote na kuviacha vianguke sakafuni.

"Sikilizeni niwaambie," akasema. "Kesho atakayetoka majini bila usomaji wa tatu asirudi darasani kwangu. Sitaki kusikia nilichoka, nilisikia baridi, nilidhani. Hata nikija mimi mwenyewe nikasimama ukingoni nikawaambia tokeni, msitoke. Jueni nawapima. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, mwalimu!"

Bibi hakuitikia. Alikuwa ameinamisha kichwa anavitazama vile vipande. Ee Mungu wangu, laiti mwalimu angeuma ulimi siku ile!

Jioni kaka yake mwalimu akapiga simu. Alifanya kazi mbali, mtoto alimwona likizo kwa likizo, na shule ilitaka ruhusa ya mzazi.

"Mtoto huyu hajui kuogelea," akasema kaka. "Hilo unalijua vizuri kuliko mimi."

"Hatuendi kuogelea, kaka, tunakwenda kupima. Ni maji ya magotini. Hata kuku anavuka."

"Mto ni mto, dada."

"Na mimi ni mimi. Nitakurudishia mzima. Nisipokurudishia mzima, uniite jina lolote utakalo."

Kaka akacheka kidogo, akakubali. Bibi alikuwa kwenye sinki anaosha vyombo, amempa mgongo shangazi yake. Mwalimu alimtazama yale mabega membamba, akataka kumwambia kitu, hata "pole" tu. Akaona ngoja. Atamwambia kesho, kazi ikishakwisha, mtoto akiwa na namba zake halali mkononi na uso wake umerudi.

Asubuhi basi la shule likawashusha karibu na daraja dogo, wakateremka kwa miguu mpaka mtoni. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu la kusingiziwa. Huko juu kwenye vilima, ambako miti ilikatwa yote ikabaki ardhi nyekundu kama kidonda, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini huku chini palikuwa pakavu na mto ulipita zake kwa adabu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kulinganisha njia mbili za kupima kasi ya maji na kusema ipi inaaminika. Njia ya kwanza ni chungwa. Unaliachia majini kwenye kamba moja iliyovushwa mto, unahesabu sekunde mpaka lifike kwenye kamba ya pili. Njia ya pili ni mtambo, fimbo ndefu ya chuma yenye pangaboi dogo mwishoni linalozungushwa na maji, ulioazimwa chuo fulani na mwalimu wa fizikia. Huyu bwana, wanafunzi wakimwita Fundi Mitambo, aliubeba mtambo ule kifuani kama mtoto mchanga.

"Mwalimu, chungwa lako leo tunalimenya," akamtania.

"Menya tu. Mtambo wako ukinasa nyasi tutakuona unalia."

Wiki iliyotangulia walikuja wao wawili kufanya majaribio, na njia zile mbili ziligombana kutwa. Chungwa lilikwenda na maji ya juu yenye haraka, au likasukumwa na upepo, au likajikwaa kwenye jiwe. Mtambo ulisoma maji ya chini yanayojivuta. Haikutokea hata mara moja zikasema kitu kimoja. Mwalimu alifurahi, kwa sababu sura ya mwisho ya ripoti, ile ya mapungufu ya njia, aliipenda kuliko zote. Humo ndimo mwanafunzi anapoonyesha kwamba ana kichwa.

Wakagawana vituo vitatu. Cha juu palikuwa wazi. Cha kati alikaa Fundi Mitambo na mtambo wake. Cha chini kilikuwa baada ya kona, kati ya kuta mbili za mwamba, na njia ya kupandia ilikuwa moja tu, nyembamba. Hapo ndipo maji yalipokuwa mafupi kuliko kwingine kote, na hapo ndipo alipoliweka kundi la Bibi. Ulikuwa upendeleo pekee aliojiruhusu, na hakumwambia mtu. Kila kundi likapigilia kigingi mahali maji yanapogusana na nchi kavu ili wapime upana kutoka hapo, kazi ikaanza.

Alianzia kituo cha juu. Rula ilishikwa na kijana mmoja mrefu wanayemwita Ngongoti, aliyesimama katikati ya mto suruali imekunjwa mpaka mapajani.

"Usomaji wa kwanza?"

"Thelathini na mbili, mwalimu."

"Wa pili?"

"Ishirini na nane."

"Kwa hiyo mto umenywewa na ng'ombe? Umeisimamisha rula juu ya jiwe, baba. Ipapase chini kwanza kwa mguu."

Watoto wakacheka. Ngongoti akapapasa, akaisogeza, akainama mpaka pua ikakaribia kuloa.

"Ishirini na tatu."

"Haya, mnaona?" Mwalimu akawageukia waliokuwa wanaandika. "Mtu yule yule, rula ile ile, mahali pale pale, namba tatu mbalimbali. Hilo ndilo kosa la mpimaji. Andikeni kwenye mapungufu, kisha tafuteni wastani."

Wakaandika. Wakaachia chungwa, likaenda kivivu, likafika kwenye kamba ya pili limechelewa sana. Upepo, akasema mwalimu, ingawa majani ukingoni yalikuwa yametulia tuli. Wakaliachia tena, likachelewa zaidi. Jiwe, akasema. Tena. Akaona raha. Jamani, mwanamke yule aliona raha! Alidhani mto unampa mifano bora ya kufundishia tangu aanze kushika chaki. Kwa kila namba iliyokwenda kombo alikuwa na jina lake tayari, na akishaipa jina aliona ameimaliza.

Alipogeuka kuondoka kiatu chake kikazama kwenye tope laini. Akaona kisamaki kimoja kinarukaruka kwenye kidimbwi kidogo kando ya mto, kidimbwi ambacho asubuhi hakukiona. Akakiokota akakirusha majini, akafuta mkono kwenye sketi, akashika njia kwenda kituo cha kati. Alikwenda hatua chache ndipo akagundua kitu kingine kilichomkera asijue ni nini. Ilikuwa ni kimya. Mto uliokuwa ukiongea walipofika sasa ulikuwa unanong'ona.

Fundi Mitambo alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe, ameutoa mtambo majini na anaupuliza pangaboi lake kwa mdomo.

"Una nini?"

"Mgonjwa huyu," akajibu. Utani ulikuwa umemtoka. "Namba zinashuka. Nimedhani nyasi, sijaona nyasi. Nimedhani betri, nimebadilisha. Ukiharibika huu, mwalimu mwenzangu, nitahama mji. Chungwa lako huko juu linasemaje?"

Mwalimu akamtajia. Yule bwana akatazama karatasi yake, akamtazama yeye, akaitazama tena karatasi.

"Rudia."

Akarudia.

"Basi leo wamepatana," akasema Fundi Mitambo taratibu. "Namba ni zile zile."

Mwalimu akaichukua ile karatasi akaisoma mwenyewe. Kosa la chungwa linatoka juu ya maji, kwenye upepo na mawe. Kosa la mtambo linatoka kwenye nyasi na betri. Rula nayo ina makosa yake. Vitu vitatu visivyofanana haviwezi kukosea kosa moja, kwa pamoja, upande mmoja. Hili alilifundisha kila mwaka. Zikipatana njia zote, hakuna njia ya kulaumiwa tena. Kinachobaki ni mto wenyewe.

Akakitafuta kigingi. Kilikuwa kimesimama peke yake kwenye matope yanayong'aa, na maji yalikuwa yameshuka mbali nacho, umbali wa mtu kulala na kujinyoosha. Kila jiwe lilikuwa na mkanda wa unyevu ambao haujakauka bado.

Kumbe siku nzima walikuwa wanaupima mto unaokauka, na yeye anawaambia watafute wastani!

"Kuna kitu kimeuziba huko juu," akasema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu mwingine. "Kilima kimeporomoka. Maji yanajikusanya nyuma yake."

Fundi Mitambo hakuuliza swali. Ni mtu wa fizikia, alijua maji yaliyokusanywa hufanya nini udongo ukishindwa kuyashika. Akasimama, akapuliza filimbi, akaanza kupiga kelele watu watoke na kupanda mteremko. Vijana wa kituo cha kati hawakungoja kubembelezwa. Walishachoka na baridi, wakatoka wanashangilia. Ngongoti na wenzake wakaitwa kwa mikono, nao wakaja mbio.

"Wapandishe wote!" mwalimu akamwambia. "Piga simu vijiji vya huko chini, waambie watu waondoke mtoni. Mimi naenda kona."

Akatoka mguu niponye. Mwanamke wa umri wake, na sketi yake, na viatu vya darasani. Alianguka mara moja akainuka bila kutazama goti. Kichwani mwake mlikuwa na sauti ya kaka yake tu, ile "mto ni mto, dada", inajirudia inajirudia.

Alipoizunguka kona akawaona. Watatu walikuwa ukingoni, mmoja na saa, wawili wameshika tepu ya kupimia ambayo upande wa pili waliifunga kwenye mzizi. Katikati ya mto, peke yake, kibao cha kuandikia kikining'inia shingoni, amesimama Bibi na rula yake. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Aliinama juu ya namba zile kwa uangalifu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano.

"Tokeni!" mwalimu akapaza sauti. "Tokeni majini! Pandeni juu!"

Wote wanne wakageuka. Wakatazamana. Kisha, Mungu wangu, wakatabasamu.

"Bado usomaji wa tatu, mwalimu!" akajibu yule mwenye saa.

"Acheni! Pandeni, nawaambia!"

"Ulisema hata ukija wewe mwenyewe," Bibi akaitikia kutoka katikati ya mto. Hakuwa anamjibu kwa jeuri. Uso wake ulikuwa mweupe wa matumaini, uso wa mtoto anayejua kwamba safari hii hajakosea. "Najua unatupima, shangazi. Leo sipiki."

Mwalimu akasogea mpaka ukingo wa mwamba. Alitaka kusema kilima, udongo, maji nyuma ya udongo. Nani angeyaamini mbingu nyeupe vile? Kila neno ambalo angelitamka, yeye mwenyewe jana alikuwa amelifungia mlango. Angelia? Wangesema anaigiza. Angetisha? Si ndivyo wanavyotazamia! Akaanza kuteremka ile njia nyembamba, anateleza kwa makalio, na hapo ndipo aliposikia ngurumo. Ilikuwa mbali bado, kama malori mengi yanapanda mlima kwa gia nzito. Nyuma yake ikaja harufu, ya udongo mbichi na majani yaliyopondwa.

Bibi aliinama kwenye rula.

"Kumi na moja!" mwalimu akapiga ukelele. "Andika kumi na moja! Usomaji wa tatu ni kumi na moja, njoo!"

Msichana akainua kichwa, amekunja uso. "Huwezi kuiona kutoka huko."

"Sijaiona! Naipika! Unanisikia, Bibi? Naipika mimi, shangazi yako, mbele ya wote hawa! Andika kumi na moja utoke!"

Tabasamu likamtoka yule mtoto usoni. Angeweza kuyadhania maneno mengine yote kuwa mtihani. Hili hapana. Alikuwa ameishi na mwanamke yule miaka yake yote ya shule, akamwona anarudi dukani kwa sababu mizani haikukaa sawa, akamwona anakataa kukadiria hata chumvi ya mboga. Shangazi yake asingepika namba hata kwa mchezo. Kama anaipika, basi kuna jambo.

Akaiachia rula.

Wale watatu walishaelewa kwa kuutazama uso wake, wakaitupa tepu wakaivamia njia. Bibi alikimbia, akateleza kwenye mawe yenye utelezi, akapiga magoti. Mwalimu alikuwa ameshaingia majini, hata hajui aliingia lini. Akamdaka kwa ukosi wa shati la shule, akamvuta kama anavyovutwa mbuzi, akamsukuma mbele yake kwenye njia. "Panda! Usigeuke, panda!" Mwamba ulikuwa unatetemeka chini ya viganja vyao. Nyuma yao kulikuwa na mlio wa miti inayovunjika, na upepo wa baridi ukawapiga migongoni mahali ambapo siku nzima hapakuwa na upepo.

Walipofika juu ndipo Bibi alipogeuka. Ile kona haikuwepo. Kati ya kuta zile mbili ulikuwa unapita udongo wa rangi ya kahawa umebeba magogo na mizizi na paa zima la bati, umejaa mpaka nusu ya njia waliyopandia. Mahali aliposimama na rula huwezi kupaonyesha hata kwa kidole.

Fundi Mitambo akaja mbio, ananyoosha kidole anahesabu vichwa, anahesabu tena, mpaka mara ya tatu. Wote walikuwepo. Watu wa chini wamepata habari, akasema, wanapanda. Kisha akakaa chini kwenye nyasi bila kuangalia anakalia nini. Mtambo wa chuo ulikuwa umebaki juu ya jiwe, na hakuna aliyeukumbuka.

Mkono wa mwalimu ulikuwa bado umekamata ukosi wa shati la mtoto, hauachii. Bibi naye hakujitoa. Kibao kilikuwa bado shingoni mwake, karatasi imeloa, na kalamu ilining'inia kwenye uzi.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo. "Niiandike?"

"Iandike." Machozi yakaanza kumtiririka mwalimu wala hakujishughulisha kuyafuta. "Kisha kwenye mapungufu ya njia andika kwamba mwalimu aliipika. Na uandike pia kwamba jana mwalimu alikosea kukuchania karatasi mbele ya watu. Nilitaka kukwambia pole, mwanangu, nikaona ngoja. Pole."

Simu ikalia mfukoni mwa sketi yake iliyojaa matope. Akaitoa, akaliona jina la kaka yake kwenye kioo. Ilikuwa saa yake ya mapumziko kazini. Bila shaka anataka kujua maji yalikuwa ya magotini kweli. Aliipokea, akaiweka sikioni, akamsikia anasema, "Haya dada, mnaendeleaje huko?"

Akamsogezea Bibi ile simu.

"Ongea wewe," akamnong'oneza. "Ongea akusikie."

Bibi akaishika kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "nipo."